Lenzi kwa Chumba cha Boriti

Vyumba vya nyumba kongwe za mawe mjini Unguja ni virefu na vyembamba, na aliyevipima hivyo si mjenzi bali ni mkoko. Boriti ya mkoko ina kikomo chake cha urefu. Ikishalazwa juu ya kuta mbili na kubebeshwa dari ya mawe na chokaa, huwa imekwisha kuamua upana wa chumba, ambao aghalabu hauzidi mita tatu. Ndani ya chumba cha namna hiyo, juu ya mkeka ulio karibu na dirisha, ajuza mmoja alikuwa akikaa kila baada ya sala ya Alasiri na kughani tenzi alizozipokea kwa mama yake. Nyingine zimo vitabuni. Nyingine hazimo popote ila kifuani mwake. Mjukuu wake, kijana aliyekuwa akijitafutia riziki kwa kupiga video za harusi, alikusudia kumrekodi kabla wakati haujapita.

Kamera alikuwa nayo, ya kuazima. Iliyomtatiza ni lenzi. Ile iliyokuja pamoja na kamera, ya kuvuta na kusukuma kuanzia milimita 18 hadi 55, haikuweza kufungua tundu lake zaidi ya 3.5, na mwanga wa dirisha lile dogo haukuitosha. Picha ilitoka na chengachenga, kama iliyopigwa ndani ya ghubari. Kijana akaazima taa mbili za harusini, akaziwasha. Ajuza yule ana mtoto wa jicho katika macho yote mawili, na mwenye maradhi hayo mwanga mkali humchoma na kumtawanyikia. Alijifunika uso kwa kanga yake, akasema kwa utani wa mabibi na wajukuu, “Mume wangu, nizimie jua lako hilo, nami nitakusomea mpaka usiku.”

Taa zikazimwa, na kuanzia hapo suala zima likawa ni la kioo.

Ndani ya jicho la binadamu imo lenzi, na mtoto wa jicho si kitu kingine ila ukungu wa lenzi hiyo. Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyefanya kazi Misri katika karne ya 11, alieleza katika Kitab al-Manazir kwamba jicho halitoi miale ya kwenda kuvigusa vitu. Mwanga ndio unaotoka kwenye vitu na kuingia jichoni. Ajuza wa dirishani hakuhitaji kukisoma kitabu hicho ili kuujua ukweli wake. Kamera nayo ni hivyo hivyo: haitafuti kitu, hungojea kuletewa. Kazi ya lenzi ni kupokea, na lenzi nzuri kwa chumba chenye giza ni ile yenye mlango mpana.

Upana wa mlango huo huandikwa kwa namba ambazo mgeni wa fani huziona zimepinduliwa, kwa sababu namba ndogo ndiyo yenye mwanga mwingi. Kutoka 2 kwenda 2.8 mwanga hupungua kwa nusu, kutoka 2.8 kwenda 4 hupungua kwa nusu tena. Wapigapicha wa kawaida huihesabu namba ya f, inayotokana na hesabu ya umbali wa fokasi na upana wa tundu. Watu wa sinema huihesabu namba ya T, inayopima mwanga uliopita kwa hakika baada ya vioo vyote vya ndani kuchukua sehemu yao. Kwa picha moja ya ukutani tofauti hiyo ni ndogo. Kwa filamu, ambamo lenzi moja hufuatwa na nyingine katika tukio moja, tofauti hiyo huonekana kama ubeti wenye mshororo uliopungukiwa na mizani.

Mfano wa mbali ambao wapenzi wa sinema huupenda ni Barry Lyndon ya Stanley Kubrick, ya mwaka 1975. Ili apige picha kwa mwanga wa mishumaa, alitumia lenzi za Zeiss za milimita 50 zenye tundu la 0.7, zilizotengenezwa kwa ajili ya NASA. Mfano huo unapendeza kuusimulia, lakini haumsaidii mtu wa Unguja mwenye akiba ya harusi mbili. Hata leo lenzi moja ya sinema ya daraja la juu huuzwa kwa makumi ya maelfu ya dola, ndiyo maana watayarishaji wengi huzikodi tu.

Mlango wa mnyonge ulifunguka mwaka 2008, pale kamera ya picha ya Canon EOS 5D Mark II ilipopewa uwezo wa kurekodi video kamili kwa kihisi kikubwa sawa na fremu ya filamu ya milimita 35. Kabla ya hapo kamera za video za bei nafuu zilikuwa na vihisi vidogo mno, na kila kitu kilionekana wazi kwa pamoja: uso, ukuta na kabati. Baada ya hapo mtu aliweza kuchukua lenzi kuukuu ya picha, iliyosahauliwa mtotoni, akaifunga kwenye kamera mpya na kupata sura iliyojitenga na kilicho nyuma yake.

Kufunga nako kuna hesabu. Kila lenzi hutaka kukaa umbali maalumu kutoka kwenye kihisi. Lenzi za skrubu zijulikanazo kwa jina la M42 hutaka milimita 45.46, na mdomo wa Canon EF una milimita 44. Pete nyembamba hujaza kilichobaki na kazi ikaendelea. Kamera za siku hizi zisizo na kioo cha ndani zina nafasi kubwa zaidi, kwani Sony E ina milimita 18 tu, kwa hiyo hupokea takriban kila lenzi ya zamani. Lakini kamera yenye umbali mrefu kuliko lenzi haitaiona mbali kamwe, ila iongezewe kioo kingine kati, na hicho aghalabu huharibu zaidi kuliko kinavyosaidia. Wengi wamenunua kwanza na kupima baadaye.

Lenzi ya kwanza aliyoipata kijana ilikuwa Helios 44-2, milimita 58, tundu la 2, iliyoletwa na jamaa yake kutoka Ulaya kwa bei ya chakula cha wiki moja. Nasaba ya kioo hicho inavutia. Asili yake ni Biotar ya kiwanda cha Zeiss mjini Jena, ya miaka ya 1930. Baada ya vita vya mwaka 1945 Wasovieti walichukua mitambo na maarifa ya Jena, na kiwanda cha Krasnogorsk karibu na Moscow kikaitoa kwa jina la Helios, ikavishwa kamera za Zenit na kutawanyika duniani. Jena yenyewe ilibaki Ujerumani ya Mashariki, dola ile ile iliyowajengea Wazanzibari majumba ya Kilimani baada ya Mapinduzi. Na kioo hiki cha mnyonge kimepanda daraja: Greig Fraser, mpigapicha mkuu wa The Batman ya mwaka 2022, alikitumia katika baadhi ya picha zake, kwa ajili ya ule ukungu na mzunguko wa nyuma unaomfanya mtu aonekane amezungukwa na maji yanayozunguka.

Kabla ya kuitumia, kijana aliipeleka kwa mzee aliyewahi kufanya kazi katika studio ya picha mjini. Mzee hakuitazama picha hata moja. Aliishika lenzi, akawasha tochi ndogo nyuma yake na kuchungulia akitafuta nyuzi za ukungu, kwa kuwa hewa yetu ya chumvi na unyevu huotesha kuvu ndani ya vioo na kuvila, na kuvu hiyo haina tofauti kubwa na alicho nacho ajuza jichoni. Akayakagua majani ya tundu asije akakuta mafuta. Kisha akafumba macho na kuizungusha pete ya fokasi, polepole, kwenda na kurudi.

“Mwanangu,” alisema, “ya picha huinunua kwa jicho. Ya filamu huinunua kwa vidole.”

Hili ndilo wanunuzi wengi hulikosa. Hushinda wakilinganisha makali ya picha, kope kwa kope, ilhali lenzi rahisi za leo nyingi zina makali ya kutosha. Katika filamu mtazamaji huiona lenzi ikisogea. Pete ya lenzi ya picha huzunguka kidogo tu kutoka karibu hadi mbali, kwa sababu iliundwa ili mtu awahi. Ya sinema huzunguka sana ili mkono upate nafasi ya kwenda taratibu. Lenzi nyingi mpya za kujiendesha zina pete isiyo na mwanzo wala mwisho, inayoiamrisha mota tu, na mkono hauwezi kurudi pale ulipokuwa kwa kukumbuka. Tena kuna lenzi zinazopumua: fokasi ikihama, fremu nzima hutanuka au kusinyaa. Helios ina pete nzito na ndefu, na pete yake ya tundu huteleza bila ya kugotagota, jambo ambalo halikukusudiwa kwa video lakini limekuwa rehema kwake.

Chumba ndicho kilichoikataa. Kihisi cha kamera ile ya kuazima kina upana wa milimita 23.5. Kwa milimita 58, ukisimama mita mbili na nusu, unapata upana wa mita moja tu: uso na mabega, basi. Mkono wa ajuza, ambao hupiga paja kila mwisho wa kipande, ukabaki nje ya picha. Na anayemrekodi mghani wa utenzi bila ya mkono wake amerekodi nusu ya mizani.

Ikambidi kijana atafute ya pili. Miezi saba ilipita. Kila usiku alisoma sifa za lenzi, akapanga hii na kuivunja ile. Na kila alasiri ajuza alikaa dirishani akighani bila ya kurekodiwa. Kiumbe hupenda kudhani kwamba kuchagua ni kufanya. Hatimaye aliuza pikipiki yake akanunua Samyang ya Korea Kusini, milimita 35, T1.5, moja katika lenzi za sinema za bei ya mamia machache ya dola. Hakudanganyika juu yake: kioo chake ni kile kile cha lenzi ya picha ya kiwanda hicho, kimevishwa kanzu ya sinema, yaani pete zenye meno, tundu la kuteleza na namba zilizoandikwa ubavuni. Kwa mwanga huipita ile lenzi iliyokuja pamoja na kamera zaidi ya mara tano. Kwa upana, katika mita mbili na nusu huchukua karibu mita moja na sentimita sabini, na mkono ukaingia.

Mlango mpana nao una dhara yake. Kwa T1.5, kamera ikiwa mita moja na nusu mbele ya mtu, kilicho wazi hakizidi sana upana wa kiganja, na ajuza huyumba akighani. Kijana alijifunza kusogea nyuma. Akagundua pia kwamba chumba, kwa kuwa kimebanwa na boriti, kimefidiwa kwa urefu. Akiiweka Helios mwisho wake, mita tatu au zaidi, anapata uso wote na shibiri nzima ya uwazi. Vioo viwili hivyo havipatani kwa rangi. Cha Kirusi kina joto na utusitusi, cha Kikorea ni safi na baridi kidogo, na mtu angeviunganisha katika utenzi mmoja angesikia vina vikigongana. Kwa hivyo alirekodi utenzi mzima kwa kimoja na utenzi mwingine kwa kingine, uamuzi unaopita rangi zote za kusahihisha kompyutani.

Siku ya kwanza ya kazi ajuza alivaa leso mpya. Alianza utenzi aliozoea kuughani kila Ramadhani, mkono ukipiga paja, mizani minane kwa kila kipande. Kijana alikuwa ameanza kuihamisha fokasi kutoka mkononi kwenda usoni, na pete ikamtii. Katikati ajuza akanyamaza. Ubeti haukuja. Alirudi nyuma beti mbili, akaupanda tena mwamba ule ule, akateleza pale pale. Miezi saba nyuma alikuwa nao.

Kijana hakuzima kamera.

“Mume wangu,” akauliza ajuza, uso akiuelekeza dirishani ambako hakukuwa na mtu, “hicho kioo chako kinaniona?”

“Kinakuona, Bibi.”

“Mimi sikuoni. Sema tena, nijue uko upande gani.”

Akasema. Ajuza akamgeukia, akaruka ubeti uliopotea na kuanza ule unaofuata. Sauti ya mjukuu imo ndani ya rekodi hiyo, kati ya ubeti na ubeti, na alipokuja kuisafisha hakuikata.