Vikombe Havilipi Madeni



Tunapozungumza na wasichana na wavulana wachezao mpira wa mikono hapa Kapalata, neno moja hurudi kila mara: Ulaya. Wengi huamini kwamba huko kila kitu ni imara, na kwamba mchezaji akishavuka bahari amekwisha kuokoka na mashaka. Hatuidharau tamaa hiyo. Kadhaa miongoni mwa dada zetu wa timu ya taifa wamepata riziki katika klabu za Ufaransa, na kazi yao ni ya heshima. Hata hivyo tungependa tuutazame pamoja msimu mmoja wa huko, ule wa 2024–2025, kwa kuwa unatufundisha jambo ambalo picha za washindi hazilionyeshi.

Ligi ya Mabingwa ya Ulaya ya wanawake hukusanya timu 16, zikigawanywa katika makundi mawili ya timu nane. Kila timu hucheza mechi 14 za kundi kuanzia Septemba. Kisha huja michezo ya mtoano, na timu nne zilizobaki hukutana Budapest, Hungaria, siku mbili tu: nusu fainali Jumamosi, fainali Jumapili. Ni safari ya miezi tisa, na katika miezi hiyo yote mishahara, usafiri na matibabu vinapaswa kulipwa.

Vipers ya Kristiansand, mji wa kusini mwa Norwe, ilikuwa imetwaa kombe hilo mara tatu mfululizo: 2021, 2022 na 2023. Golini alisimama Katrine Lunde, ambaye kwa ushindi huo alifikisha makombe saba ya ligi hiyo, mengine akiwa ameyapata na klabu za Denmark na Hungaria. Agosti 2024, akiwa na umri wa miaka 44, alishinda pia medali ya dhahabu ya Olimpiki ya Paris pamoja na timu ya Norwe. Mtu angedhani klabu yenye sifa kama hizo haiwezi kutikisika. Lakini Januari 2025, msimu ukiwa katikati, Vipers ilitangazwa kuwa imefilisika. Matumizi yalikuwa yamepita mapato, na makombe yaliyokuwa kabatini hayakuweza kulipa deni hata moja. Wachezaji walijikuta hawana klabu kabla msimu haujaisha.

Mwezi Juni kombe lilikwenda kwa Győr ya Hungaria, kwa mara ya saba. Győr ni mji wenye kiwanda kikubwa cha magari ya Audi, na jina la kampuni hiyo limo ndani ya jina la timu. Hapo tunaona kwamba hata mabingwa wanasimama juu ya mabega ya mtu mwingine. Mdhamini akiwepo, timu inasimama. Akiondoka, inabidi iwe na msingi mwingine.

Katika msimu huo huo, kati ya mwisho wa Novemba na mwanzo wa Desemba 2024, nchi yetu ilipokea Kombe la Afrika la wanawake jijini Kinshasa. Angola ilishinda, Senegal ikawa ya pili. Wenyeji hatukuingia katika nne bora, na hivyo tukakosa tiketi ya Kombe la Dunia la 2025. Iliuma, kwa sababu tulikumbuka 2014 huko Aljeria, timu yetu ilipofika fainali na kushindwa na Tunisia, na tulikumbuka pia 2019, ilipocheza Kombe la Dunia nchini Japani. Lakini timu iliyoshindwa bado ipo, na inaweza kurudi mazoezini.

Hebu tuutafakari mchezo wenyewe. Kanuni inasema mchezaji asishike mpira zaidi ya sekunde tatu, wala asipige zaidi ya hatua tatu akiwa nao mkononi. Baada ya hapo ni lazima adunde, atoe pasi au atupe golini. Kwa hiyo mtoto anayejifunza mchezo huu hujifunza mapema kwamba kilichomo mkononi mwake kinapita, na kwamba mwenzake lazima awe tayari kukipokea. Lunde aliendelea kucheza baada ya klabu yake kuanguka, kwa sababu ujuzi wake haukuwa mali ya klabu iliyofilisika.

Turudi kwetu. Timu nyingi za mitaani hufa kwa njia ile ile ya Vipers, ila kwa fedha kidogo zaidi. Mtu mwenye uwezo hununua jezi na mpira, watu humshangilia, safari hupangwa bila hesabu. Akichoka au akihama, timu hutawanyika. Timu inayodumu huwa na daftari la michango ambalo kila mwanachama anaweza kulisoma, hata kama ndani yake kuna faranga chache. Huwa pia na saa ya mazoezi ambayo wasichana wanaweza kuifika, si ile ya kuchota maji na kupika, ambapo kaka zao wako huru na wao wamefungwa jikoni. Mambo hayo mawili hayahitaji mdhamini.

Tunawaachia maswali haya kwa mkutano wenu ujao:

1. Mdhamini wa kikundi chetu akiondoka kesho, ni nini kitakachobaki?

2. Nani kati yetu amewahi kuliona daftari la hazina, na kama hakuna, kwa nini?

3. Wasichana wetu wamekosa mazoezi mara ngapi mwezi huu kwa sababu ya kazi za nyumbani ambazo wavulana wangeweza kuzishika pia?