Vitone Vitatu

Msomaji mpenzi, mtu akikualika karamuni akasema, "Njoo na wenzako," bila kutaja ni wangapi, amekufanyia ukarimu mkubwa, lakini amejitwika mzigo pia. Hana budi kujua, kwa njia moja au nyingine, ni sahani ngapi zitakazowekwa mkekani. Asipojua, ama chakula kitapungua ama kitaharibika, na aibu itakuwa yake. Wahenga walilieleza jambo hili kwa maneno machache: mali bila daftari huisha bila habari.

Nataka kukuonyesha kwamba methali hii ina nguvu hata mahali ambapo wahenga hawakufika, yaani ndani ya programu za tarakilishi. Mimi ni mwalimu wa shule ya upili. Chuoni nilifunzwa kufundisha hesabu na somo la tarakilishi, na katika kazi yangu nimeona kwamba masomo haya mawili humfunza mtu ukweli kwa ukali kuliko hotuba nyingi. Lugha nitakayoitolea mfano ni ile iitwayo C. Ilibuniwa na Dennis Ritchie katika Bell Labs, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1970, na hata leo programu nyingi zinazoendesha tarakilishi zimeandikwa kwayo.

Katika lugha hiyo, sehemu ya programu iliyopewa jina na kazi yake huitwa funksheni. Vitu inavyopewa ili ivifanyie kazi tuviite hoja, na anayeiamuru ifanye kazi tumwite mwitaji. Aghalabu idadi ya hoja hutangazwa tangu mwanzo. Funksheni ya kutafuta eneo la mstatili hutaka hoja mbili, urefu na upana. Ukiipa tatu, kompaila, yaani programu inayofasiri maandishi yetu kuwa lugha ya mashine, itakataa na kukuonyesha kosa lako kabla halijamdhuru mtu.

Lakini kuna kazi zisizokubali idadi moja. Mathalani, tunataka kutafuta wastani wa alama za wanafunzi. Mmoja amefanya masomo saba, mwingine manane, wa tatu tisa. Je, tuandike funksheni tatu? Lugha ya C hutupa njia nyingine. Baada ya hoja ya kwanza huandikwa vitone vitatu, na maana yake ni hii: baada ya hapa, lete utakazo. Tazama:

    #include <stdarg.h>

    double wastani(int idadi, ...)
    {
        va_list orodha;
        double jumla = 0;
        int i;

        va_start(orodha, idadi);
        for (i = 0; i < idadi; i++)
            jumla = jumla + va_arg(orodha, int);
        va_end(orodha);
        return jumla / idadi;
    }

Nimechukulia kwamba idadi haitakuwa sufuri. Maandishi haya si magumu. Faili iitwayo stdarg.h, iliyowekwa katika kanuni rasmi za C mwaka wa 1989, ndiyo yenye vifaa tunavyovihitaji. va_list ni orodha ya hoja zisizo na majina. va_start hufungua orodha hiyo, ikianzia baada ya hoja ya mwisho yenye jina. Kila tuitapo va_arg, hutupa hoja moja na kusogea mbele. va_end huifunga orodha, kama mgeni mstaarabu afungavyo mlango anapotoka. Basi tukiandika wastani(3, 62, 71, 80), tutapata 71, na hilo ndilo jibu la haki.

Siku moja nilipokuwa nikieleza maandishi haya darasani, msichana mmoja wa kidato cha tatu aliinua mkono akauliza: "Mwalimu, kwa nini tuiambie idadi? Tarakilishi, ambayo kazi yake ni kuhesabu, haiwezi kuhesabu yenyewe ilichopewa?" Wenzake walicheka. Mimi sikucheka, kwa maana alikuwa amegusa kiini cha jambo.

Nilimjibu hivi. Mwitaji huziweka hoja mahali maalumu ndani ya mashine, moja baada ya nyingine. Haandiki popote kwamba ameweka tatu, wala haweki alama ya kuonyesha mwisho. Fikiri mizigo iliyotumwa kwa basi kutoka Kisumu hadi Nairobi, nayo imewekwa pamoja na mizigo ya watu wengine katika stoo yenye giza. Hakuna hata mmoja ulioandikwa jina. Mpokeaji huingia na barua ya mtumaji mkononi. Barua ikisema mizigo mitatu, huchukua mitatu. Ikisema minne, huchukua minne, na ule wa nne ni mali ya mtu mwingine. Mpokeaji huyo hakukusudia kuiba, ameiamini barua. Funksheni yetu ndiyo mpokeaji, na ile hoja ya kwanza, idadi, ndiyo barua.

Sasa pima, msomaji, uzito wa uwongo katika barua hiyo. Tukiandika wastani(4, 62, 71, 80), funksheni itadai alama ya nne ambayo haikuletwa. Kanuni za C hazitoi ahadi yoyote juu ya litakalotokea. Huenda ikaokota takataka iliyokuwamo katika kumbukumbu, huenda programu ikaanguka, na huenda leo ikatoa jibu linaloelekea kuwa sawa ili ikuaibishe kesho. Tukiandika wastani(2, 62, 71, 80), hapatakuwa na kishindo chochote. Tutapata 66.5 kimya kimya, na ile 80 itaachwa stooni. Mimi huuogopa uwongo huu wa pili kuliko wa kwanza. Programu inayoanguka hupiga kelele, na mwalimu huja kutazama. Programu inayopunguza hunyamaza, na mtoto aliyekesha akisoma huandikiwa alama zisizokuwa zake. Mzazi wake ataisoma ripoti hiyo, naye hatakuwa na njia ya kujua.

Tena idadi peke yake haitoshi. Ni lazima aina ya kila hoja nayo ijulikane. Funksheni yetu hudai nambari kamili kila mara. Mtu akiipa 80.5 mahali pa 80, kompaila haitambadilishia, kwa kuwa baada ya vitone vitatu haijui kinachotakiwa. Na pana desturi moja ya kukumbuka. Hoja zipitazo katika vitone hivyo hukuzwa: char na short huwa int, nayo float huwa double. Kwa hiyo anayezipokea hudai kile kilichofika, si kile kilichotumwa. Ukidai float kwa va_arg utakuwa umekosea, hata kama mwitaji alikuwa na float mkononi.

Njia za kuijulisha funksheni mwisho wa hoja ni tatu. Ya kwanza ni hiyo ya kutaja idadi. Ya pili ni kuweka mlinzi mwishoni, yaani thamani ambayo haiwezi kuwa miongoni mwa hoja za kweli. Kwa kuwa hakuna mtahiniwa apataye alama zilizo chini ya sufuri, -1 ingeweza kuwa mlinzi wetu. Lakini mwitaji akimsahau mlinzi, funksheni itaendelea kutembea gizani bila kujua kwamba imekwisha pita mpaka. Ya tatu ni kutoa maneno ya mwongozo, na ndiyo itumiwayo na printf, funksheni ya kuchapa ambayo kila mwanafunzi wa C hukutana nayo siku ya kwanza. Katika maneno hayo, %d husema kwamba nambari kamili inakuja, na %s husema kwamba maneno yanakuja. printf huhesabu alama hizo na kudai hoja kwa kuzifuata.

Hapa uzembe mdogo waweza kuleta msiba mkubwa. Tuseme programu imeuliza jina la mtu, nayo yataka kulichapa. Mwandishi mwangalifu huandika printf("%s", jina). Mwandishi mvivu huandika printf(jina), na kwa majina ya kawaida hataona tofauti. Lakini mtu mwenye nia mbaya akijaza alama za mwongozo mahali pa jina lake, ameishika barua ya mizigo na kuiandika atakavyo. Kwa alama nyingine atasoma yaliyomo katika kumbukumbu. Kwa alama ya %n, ambayo huiamuru printf iandike katika kumbukumbu idadi ya herufi ilizokwisha kuchapa, ataweza hata kuyabadilisha. Hatari hii ilijulikana sana mwaka wa 2000, ilipogunduliwa kwamba programu ya kugawia mafaili mtandaoni iitwayo WU-FTPD ilikuwa na dosari ya namna hiyo, na kwamba mtu aliye mbali angeweza kuitumia kuitawala tarakilishi nzima.

Huenda ukauliza kama lugha haikurekebishwa tangu wakati huo. Imerekebishwa kwa sehemu. Kompaila za leo, kama GCC, huweza kulinganisha maneno ya mwongozo ya printf na hoja zake, na kutoa onyo zisipopatana. Kanuni mpya za C23, zilizochapishwa mwaka wa 2024, zimeondoa lile sharti la kale kwamba lazima hoja moja yenye jina itangulie vitone vitatu. Walakini hazikuondoa haja ya kuijua idadi. Barua ingali ikihitajika, nayo ingali ikiandikwa na mwitaji.

Basi nakuusia haya. Usivitumie vitone vitatu kwa sababu vinapendeza. Kwa kazi kama ya alama zetu, iliyo bora ni kuzipanga alama zote katika safu moja ya aina moja, kisha kuipa funksheni safu hiyo pamoja na idadi yake. Hapo kompaila italinda aina, na ulimi wako utabaki na jambo moja tu la kulisema kweli. Vitumie vitone ambapo hoja ni za aina mbalimbali na hapana njia nyingine. Ukivitumia, usiyadharau maonyo ya kompaila, wala usimkabidhi mgeni usiyemjua kalamu ya kuandikia mwongozo.

Kumbuka pia kwamba funksheni haina jicho la kumtazama mwitaji usoni. Ukiiambia tatu, itaamini tatu. Ukiiambia nne, itaamini nne. Kadiri unavyopewa uhuru wa kuleta utakazo, ndivyo unavyodaiwa hesabu ya ulivyoleta. Kwa hiyo kabla ya kuandika ile nambari ya kwanza, rudi nyuma, uzihesabu hoja zako kwa kidole, kama karani mwaminifu ahesabuvyo magunia ya watu. Huenda moja kati yake ni jasho la mtoto usiyemjua.