Jumapili Haina Likizo

Ndugu msomaji, shule zifungapo mwezi wa Juni, familia nyingi za Dar es Salaam hufunga mizigo. Huhesabiwa nauli, nguo na zawadi za wazee. Kitabu cha nyimbo aghalabu husahaulika mezani. Nami nilikuwa miongoni mwa wasahaulifu hao. Niliamini kwamba mtu aliyeiaga kazi ameiaga na kengele ya kanisa.

Safari yetu ilikuwa ya Lushoto. Ukifika Mombo, kwenye barabara kuu iendayo Arusha, gari huiacha tambarare na kuukwea mlima kwa kona zisizohesabika, mwendo wa kilomita zaidi ya 30. Joto hubaki bondeni pamoja na mikonge. Juu utapokewa na ubaridi, migomba na bustani za kabichi. Wajerumani waliuita mji huu Wilhelmstal. Wamisionari wa Bethel walifungua kituo Mlalo mwaka 1891, na leo sharika za KKKT, kanisa lililoundwa mwaka 1963 kwa kuungana makanisa saba, zimeenea milimani.

Jumapili ya kwanza nilitaka kulala. Mke wangu hakusema neno. Aliwavika watoto masweta, akatoka. Nikamfuata, zaidi kwa haya kuliko kwa imani.

Ulipofika wakati wa matangazo, wageni tuliombwa kusimama tujitambulishe. Nyimbo zilikuwa zile zile za kitabu cha Tumwabudu Mungu Wetu, ila ziliimbwa taratibu, kama watu wasio na basi la kuwahi. Baada ya ibada ukafanyika mnada wa sadaka: mayai, ndizi, na jogoo mmoja mkaidi. Wahenga walinena, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jembe langu lilikuwa jogoo yule, niliyemnunua kwa bei iliyowachekesha wenyeji. Mama mmoja mzee aliongozana nasi njiani, akatuonyesha nyumba yake karibu na ile tuliyopanga.

Usiku wa Jumanne mwanetu mdogo alishikwa na homa kali. Giza lilikuwa nene, nami sikujua njia ya hospitali. Nilikwenda kugonga mlango wa mama yule.

"Ninyi ndio wenye jogoo," alisema, huku tayari akijifunga kitenge. Akamwamsha kijana wake ashike taa, wakatutangulia. Alikaa nasi kwenye benchi la hospitali hata alfajiri, mtoto alipotulia na kuomba uji.

Je, angetunyima msaada lau tusingefika kanisani? La hasha, sithubutu kumsingizia hivyo. Lakini mimi nisingejua ni mlango upi wa kugonga.

Basi, msomaji, ufikapo ugenini ulizia mapema saa ya ibada. Kabla ya kuondoka, iage jumuiya yako, ili wajue uliko na wakuombee. Pasipo na kanisa karibu, someni neno pamoja, baba, mama na watoto. Ndugu zetu Waislamu wana funzo hapa: msafiri huruhusiwa kupunguza rakaa za baadhi ya sala, wala haruhusiwi kuiacha sala yenyewe.

Mwaka huu tutapanda tena milima ile. Kitabu cha nyimbo kimekwisha kuwekwa juu ya sanduku, na watoto wanauliza kama jogoo mwingine atanadiwa.