Berlin Mara ya Pili

Waswahili husema kuishi kwingi ni kuona mengi. Nami, ndugu msomaji, nimeishi kiasi cha kuuona mji mmoja mara mbili, na mara hizo mbili ukawa kana kwamba ni miji miwili. Mji huo ni Berlin, nchini Ujerumani.

Mara ya kwanza nilifika huko mwishoni mwa mwaka 1986, nikiwa mwalimu kutoka Lindi niliyepelekwa kwa mafunzo ya miezi kumi. Mji ulikuwa umegawanywa kwa ukuta tangu mwaka 1961, na sisi tulikaa upande wa Mashariki. Januari ya mwaka 1987 ilikuja na baridi kali iliyoikumba Ulaya nzima. Nilivaa makoti mawili na bado meno yaligongana. Chakula chetu kilikuwa viazi, kabichi, mkate mweusi na nyama ya nguruwe. Kwa kuwa mimi ni Mwislamu, ile nyama nilimwachia jirani yangu mezani, naye akanipa viazi vyake. Nilirudi nyumbani nimekonda, lakini viazi navijua.

Mara ya pili ni Januari iliyopita. Binti yangu, ambaye alihamia Berlin kwa kazi ya uuguzi, alinipelekea tiketi. Watu walinishangaa: mzee wa miaka 75 kwenda Ulaya wakati wa baridi! Niliwajibu kwamba nataka kuuona mji katika hali ile ile niliyouacha. Jibu hilo lilikuwa nusu ya ukweli. Nusu ya pili nitaieleza hivi punde.

Mengi yamebadilika. Ukuta ulifunguliwa tarehe 9 Novemba 1989, na leo katika mtaa wa Bernauer Straße kimebaki kipande chake tu kwa ajili ya ukumbusho. Watoto wa shule walikuwa wakipigwa picha pale, wakicheka. Jengo kubwa la Bunge la serikali ya Mashariki, ambalo tulipelekwa kulitazama kwa fahari, lilibomolewa, na mahali pake pamejengwa upya sura ya kasri la wafalme wa zamani. Mnara wa televisheni wenye urefu wa mita 368 bado umesimama palepale Alexanderplatz, na kilele chake bado kinamezwa na mawingu.

Zamani, treni za upande wa Magharibi zilipita chini ya mitaa yetu bila kusimama, kwani vituo vya upande wetu vilikuwa vimefungwa. Safari hii nilipanda treni hiyo hiyo na kushuka katika kituo kimojawapo cha vile vilivyokuwa vimefungwa. Siku hizi kinaitwa Naturkundemuseum, yaani Makumbusho ya Elimu ya Viumbe. Hapo ndipo penye ile nusu ya pili.

Ndani ya makumbusho hayo, katika ukumbi wa kwanza, amesimama mjusi wa Tendaguru. Kimo chake ni mita 13.27, na aliishi miaka ipatayo milioni 150 iliyopita. Mifupa yake ilichimbwa katika kilima cha Tendaguru, mkoani kwetu Lindi, kati ya mwaka 1909 na 1913, miaka michache tu baada ya Vita vya Maji Maji na njaa iliyofuata. Hakukuwa na reli wala gari. Zaidi ya tani 200 za mifupa na mawe zilibebwa na watu, vichwani na mabegani, mwendo wa siku kadhaa hadi bandari ya Lindi, zikapakiwa melini. Babu yangu mzaa baba alikuwa mmoja wa wapagazi hao. Alifariki mimi nikiwa bado mdogo, lakini baba alisimulia kwamba bega lake la kulia lilikuwa na sugu hadi alipozikwa.

Nilipomtembelea mjusi huyo mwaka 1987 nilisoma maandishi yote kwa msaada wa kamusi. Niliporudi Lindi, baba aliniuliza swali moja tu: "Jina la baba yangu wameliandika?" Alikuwa ameketi barazani na wazee wenzake, wote wananitazama. Nikajibu, "Ndiyo, baba, wameliandika." Sikuwa nimeliona. Baba alifurahi, akawageukia wenzake akasema, "Mmesikia?" Alifariki mwaka 1991 akiwa na furaha hiyo, na habari ile ikawa urithi wa ukoo wetu. Mimi niliyewachapa wanafunzi wengi kwa kosa la kusema uongo, sikupata ujasiri wa kuufuta wa kwangu.

Binti yangu alikuwa hajaingia katika makumbusho hayo. Alitaka nimwoneshe mimi mwenyewe. Nakiri kwamba moyoni nilikuwa na tamaa ya kitoto, kwamba huenda katika miaka yote hii uongo wangu ulikuwa umegeuka kuwa kweli.

Tulizunguka mara mbili. Nilimweleza kwamba sehemu ya uti wa mgongo ni ya kuigiza, kwa kuwa mifupa halisi ni mizito mno kuning'inizwa. Nilimweleza kwamba jina la kitaalamu la mjusi yule, brancai, ni la heshima kwa Branca, aliyekuwa mkuu wa makumbusho hayo. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akauliza, "Sasa baba, jina la babu yako liko wapi?"

Nikamwambia, "Twende tukale kwanza, mwanangu."

Tulikwenda katika mkahawa wa Waturuki. Waturuki walianza kuja Ujerumani kwa wingi baada ya mkataba wa kazi wa mwaka 1961, wakakaa zaidi upande wa Magharibi, ndiyo maana katika miezi yangu kumi ya Mashariki sikuionja nyama yao. Leo imeenea mji mzima: huchomwa kwenye chuma kinachozunguka, ikakatwa vipande vyembamba na kutiwa ndani ya mkate pamoja na kabichi na vitunguu. Tulianza na supu ya dengu iliyokamuliwa limau, tukamaliza kwa maandazi yenye jamu ndani ambayo binti yangu alikuwa ameyanunua njiani. Ilikuwa chakula kizuri kuliko vyote nilivyokula katika mji ule, nami sikukifurahia, kwani jibu lilikuwa limenikaa kooni.

Theluji ilikuwa ikianguka nje. Nikamweleza yote. Alinyamaza kwa muda, akikusanya makombo kwa kidole. Kisha akasema, "Wauguzi wenzangu nimewaambia kwamba jina letu limeandikwa mle ndani." Sikuwa na neno. Uongo wa barazani Lindi ulikuwa umefika Berlin kabla yangu. Baadaye akanishika mkono tuvuke barabara, kwa kuwa njia iliteleza, na hakuuachia hadi tulipofika nyumbani.

Niliporudi Lindi nilikwenda makaburini kumwomba baba radhi. Kisha niliwakusanya wajukuu na watoto wa jirani, nikawasimulia habari ya Tendaguru tangu mwanzo, bila kuficha kosa langu. Nilipomaliza nikawaambia watoe madaftari. Nikalitaja jina la babu yangu, jina la baba yake na la kijiji chake, taratibu, kama tunavyofanya katika imla, nao wakaandika. Nikapita nyuma yao mmoja mmoja kuhakikisha kwamba hakuna aliyekosea herufi.