Uwanja Tunaujenga, Mchezaji Anajengwa na Nani?



Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar imeichagua Fumba kuwa mahali pa kujengwa uwanja mpya wa mpira kwa ajili ya fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika za 2027, ambazo Kenya, Tanzania na Uganda zilipewa kuziandaa kwa pamoja mnamo Septemba 2023. Mimi ni mkaazi wa Fumba na sina ugomvi na uwanja. Rasi yetu hii ya maweni, iliyokuwa ikitajwa zaidi kwa uvuvi wake, haina sababu ya kukataa neema. Swali langu ni jingine. Kila mtu hapa anaweza kukueleza habari za viti, barabara na maegesho ya magari. Ni nani anayeweza kukueleza, kwa maandishi, maendeleo ya kijana mmoja wa miaka 16 anayecheza mpira jioni kati ya Dimani, Bweleo na Fumba?

Nina sababu ya kuuliza. Kijana wa jirani yangu, mwenye miaka 17 na mguu wa kushoto unaozungumzwa vijiji vitatu, aliitwa na klabu moja ya Bara kwenda kufanyiwa majaribio. Familia ilichanga nauli ya boti. Baada ya wiki tatu alirudi. Nilimuuliza walimwambia nini. Akajibu: "Hawakuniambia kitu, Maalim. Wamesema nitapigiwa simu." Simu haikupigwa. Baba yake, ambaye ni mvuvi, alilimaliza jambo kwa sentensi moja: kama mpira haumtaki, bahari bado inamtaka.

Kijana yule hakuumizwa na kukataliwa. Kukataliwa ni sehemu ya michezo kama ilivyo sehemu ya mitihani. Aliumizwa na ukimya. Mimi kazi yangu ni kusahihisha karatasi za wanafunzi. Mwanafunzi anayeshindwa somo langu ana haki ya kuiona karatasi yake, kujua ni swali gani lililomwangusha, na kujua akirudia aanzie wapi. Kijana huyu alifanya mtihani wa wiki tatu na akarudi bila alama, bila maelezo na bila karatasi. Hajui kama tatizo lilikuwa kasi yake, pumzi yake, kimo chake, au siku yenyewe ilikuwa mbaya. Hata akitaka kujirekebisha, atarekebisha nini?

Nilipotafuta mfano wa watu wanaompima kijana kwa utaratibu, nilijikuta mbali kidogo na mpira wa miguu: nilifika kwenye besiboli ya Marekani. Msomaji asishangae. Mchezo huu si mgeni kabisa kwetu. Katika Shule ya Sekondari Azania, Dar es Salaam, upo uwanja wa besiboli uliojengwa kwa msaada wa Japani. Jirani zetu wa Uganda wamekwenda mbali zaidi. Mwaka 2012 watoto wa Lugazi walikuwa timu ya kwanza kutoka Afrika kucheza fainali za dunia za besiboli ya watoto huko Pennsylvania, baada ya wenzao waliofuzu mwaka 2011 kukosa viza. Miaka kumi baadaye, mwaka 2022, klabu ya Los Angeles Dodgers iliwasajili vijana wawili wa Kiganda, Umar Male na Ben Serunkuma, na mwaka 2023 Pittsburgh Pirates wakamsajili David Matoma.

Lakini kusajiliwa huko si kufika. Hapo ndipo lilipo somo letu.

Klabu kubwa za besiboli ya Marekani ni 30. Chini ya kila klabu, tangu mpangilio mpya wa 2021, zipo timu nne za ngazi nne tofauti, jumla 120, na chini yake tena zipo ligi za wanaoanza, ikiwamo moja iliyoko katika Jamhuri ya Dominika. Kijana anaanza chini na kupanda ngazi moja baada ya nyingine. Katika kila ngazi wapo watu ambao kazi yao ni kumtazama na kuandika. Hawaandiki kwamba "ni mzuri" au "ana kipaji cha Mungu". Wanaugawa uwezo wake katika vipande: kupiga mpira kwa gongo, nguvu ya pigo, kasi ya mbio, nguvu ya mkono, ustadi wa kudaka. Kila kipande kinapewa alama kati ya 20 na 80, ambapo 50 ni kiwango cha wastani cha mchezaji wa ligi kuu.

Kilichonivutia zaidi ni kwamba kila kipande kinapewa alama mbili. Ya kwanza inaeleza alivyo leo. Ya pili inaeleza anavyoweza kuwa akikomaa. Kijana anaweza kupata 30 ya leo na 55 ya kesho, na klabu ikamvumilia kwa miaka kwa sababu ya tofauti ya alama hizo mbili. Mwingine anaweza kupata 45 ya leo na 45 ya kesho, na wakajua kwamba huyu amekwishafika mwisho wa safari yake hata kama leo ndiye anayeng'ara uwanjani. Kazi ya mwalimu inakuwa kuipunguza tofauti ile, na ripoti ya msimu ujao itaonesha kama imepungua.

Tazama sasa sisi tunavyopima. Tunatazama mechi moja ya mwisho wa wiki, tunaona bao moja, tunasema "huyu ni moto". Wiki inayofuata hafungi, tunasema "amekwisha". Tunampima kijana kwa kumlinganisha na mwenzake wa siku ile, wakati kipimo chenye maana ni kumlinganisha na yeye mwenyewe wa mwaka jana.

Mfano wa subira hii ni Mwafrika mwenzetu. Gift Ngoepe wa Afrika Kusini alisajiliwa na Pittsburgh Pirates mwaka 2008. Alicheza ligi za chini mwaka baada ya mwaka, na Aprili 2017 akawa mtu wa kwanza aliyezaliwa Afrika kucheza ligi kuu ya besiboli ya Marekani. Ni takriban miaka tisa. Angekuwa kijana wa Unguja, tungekuwa tumeshamtangaza kuwa ameshindwa mara ngapi?

Kipimo hiki chote kinasimama juu ya jambo moja: umri wa kweli. Kijana wa miaka 19 anayehangaika katika ngazi ya watu wazima anaweza kuwa na thamani kubwa kuliko mtu wa miaka 25 anayewashinda watoto. Ukiudanganya umri, umeivunja mizani yenyewe. Na hapa, ndugu msomaji, tuambiane ukweli. Mwaka 2018 timu yetu ya vijana chini ya miaka 17, Karume Boys, iliondolewa katika mashindano ya CECAFA nchini Burundi kwa sababu ya wachezaji waliozidi umri. Ugonjwa huu si wetu peke yetu. Mwaka 2001 timu ya watoto kutoka Bronx, New York, ilifutiwa matokeo yake baada ya kubainika kwamba mrushaji wake nyota alikuwa na miaka 14 na si 12. Lakini kuwa na wenzako katika aibu hakukuondolei aibu. Kila nafasi anayopewa mtu mzima aliyejifanya mtoto ni nafasi aliyonyang'anywa mtoto wa kweli, na mtoto huyo mara nyingi hata hajui kwamba amenyang'anywa.

Msomaji anaweza kuniuliza: mbona bila ya haya yote tumepata mashujaa? Ni kweli. Mwaka 2017 ulikuwa mwaka wa machungu kwa mpira wetu. Machi tulipokewa kuwa mwanachama wa 55 wa Shirikisho la Soka la Afrika, na Julai uanachama ule ukafutwa. Desemba mwaka huohuo Zanzibar Heroes, chini ya kocha Hemed Suleiman "Morocco", waliifunga Tanzania Bara, wakaitoa Uganda katika nusu fainali, na wakafika fainali ya Kombe la Chalenji dhidi ya Kenya huko Machakos. Mechi iliisha 2-2, na tukashindwa kwa penalti. Kisiwa kizima kilisimama. Na Feisal Salum, aliyetoka JKU ya hapa Unguja kwenda Yanga mwaka 2018, amekuwa miongoni mwa viungo mashuhuri wa nchi nzima.

Haya ni mafanikio, wala sitaki kuyapunguza. Lakini aliyefanikiwa hathibitishi kwamba njia ni nzuri. Anathibitisha kwamba inapitika. Ili tuijue njia, lazima tuwahesabu pia wale waliopotea: walianza wangapi, waliachia ngazi gani, na kwa sababu ipi. Bila hesabu hiyo, kila nyota anayetokea anakuwa kisingizio cha kutokufanya kitu. Tunasema "kipaji hakifichiki", huku mitaa yetu imejaa watu wa miaka 30 ambao vipaji vyao vilifichika vizuri kabisa.

Sitaki pia msomaji adhani kwamba ninaabudu mambo ya Marekani. Mfumo ule una ukatili wake. Vijana wa Jamhuri ya Dominika husajiliwa wakiwa na miaka 16, na wengi hawafiki juu. Kwa miaka mingi wachezaji wa ligi za chini walilipwa ujira wa kudhalilisha. Mambo yalibadilika walipoungana. Mwaka 2022 waliingia katika chama cha wafanyakazi, na mkataba wa 2023 ukapandisha kima cha chini cha malipo kwa mwaka: katika ngazi ya juu ya ligi hizo, Triple-A, kutoka dola 17,500 hadi 35,800, na katika ligi za wanaoanza kutoka dola 4,800 hadi 19,800. Kwa hiyo daftari zuri haliondoi dhulma peke yake. Anayepimwa naye lazima awe na sauti.

Watumishi wa umma wanaosoma safu hii wanaielewa hoja yangu kuliko wengine. Wale wa Bara wanazikumbuka fomu za OPRAS, ambazo aghalabu zilijazwa tarehe za mwisho, zikasainiwa bila mazungumzo na kufungiwa kabatini. Fomu ilikuwepo, tathmini haikuwepo. Ndiyo maana sipendekezi fomu mpya kwa ajili ya fomu. Tathmini ina maana pale tu anayepimwa anapoisoma, anapoweza kuipinga, na anapojua afanye nini kesho asubuhi.

Basi ninapendekeza mambo matatu, ambayo hayahitaji mkandarasi wala mkopo.

Kwanza, kila kijana anayesajiliwa katika timu ya watoto au vijana asajiliwe kwa cheti chake cha kuzaliwa kilichohakikiwa. Tangu 2018 tunao Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii. Sheha anawajua watoto wa shehia yake, na skuli ina rejesta ya tangu darasa la kwanza. Nyaraka hizi tatu zikisomwa pamoja, uongo utapata shida kupita.

Pili, kila kijana awe na daftari lake, na mara mbili kwa mwaka mwalimu wa mchezo aandike humo alama mbili kwa kila ustadi: ya leo na ya kesho. Daftari liwe mali ya kijana. Akihama timu ahame nalo, kama mgonjwa anavyohama na kadi yake ya kiliniki. Walimu wa michezo wa skuli zetu wanaweza kufundishwa kazi hii, na vyuo vyetu vikuu vina wanafunzi wanaotafuta mada za utafiti kila mwaka.

Tatu, klabu yoyote inayomwita kijana wa chini ya miaka 18 kwa majaribio ilazimike kumpa maelezo ya maandishi inapomrudisha. Ukurasa mmoja unatosha. Aelezwe alichokiweza, alichopungukiwa, na ushauri. Kama klabu ina muda wa kumtazama kwa wiki tatu, ina dakika kumi za kumwandikia.

Yapo mambo ya fedha yatakayosemwa dhidi ya haya. Nitayajibu kwa mizani rahisi: chukua gharama ya daftari moja, izidishe kwa vijana wote wanaocheza mpira katika Wilaya ya Magharibi B, kisha uilinganishe na gharama ya nguzo moja ya taa za uwanjani. Mwenye kikokotoo na afanye hesabu.

Fainali zitakuja na zitaondoka, na wageni watapanda ndege zao. Uwanja utabaki Fumba, na vijana watabaki Fumba. Siku hiyo viongozi wetu wataulizwa nani anacheza humo, na jibu halitapatikana kwenye michoro ya wahandisi. Litapatikana, kama tutaanza sasa, katika madaftari ya watoto ambao leo wana miaka 10 na ambao bado hakuna aliyewaandika.