Bibi aliyeuliza swali moja mara nne

Ulikuwa mkutano wa wazazi kwenye skuli moja ya kijijini hapa Pemba, wiki moja kabla ya watoto kupewa dawa za kichocho. Nilikwenda kuandika habari. Kila mhudumu wa afya alipokuwa akieleza, bibi mmoja aliyekaa karibu na mlango alinyanyua mkono. "Mwanangu, na mtoto ambaye hajala je?"

Alijibiwa kuwa dawa ni salama. Akauliza tena. Mara ya nne wazazi wenzake waliguna, mwalimu akasema tuendelee, na mimi, nisifiche, nilisonya kimoyomoyo. Daftarini niliandika: bibi mbishi. Nilikuwa nawahi gari ya kurudi Chake.

Habari yangu ilitoka ikiwa na kila nilichokiona cha maana: kwamba kichocho cha huku kwetu ndicho kinachomfanya mtoto akojoe damu, kwamba vijidudu vyake hukulia ndani ya konokono wa mtoni na mabwawani na kumuingia mtu kupitia ngozi anapooga au kufua, kwamba mtoto hupimwa urefu kwa kijiti ndipo ijulikane anywe vidonge vingapi. Chakula sikukitaja.

Siku ya dawa nilimpeleka mwanangu skuli mbio mbio. Aliamka na kisirani, boflo kakataa, chai kaimwaga. Nikamwambia atakula akirudi. Saa tano nikapigiwa simu. Nilimkuta kalala kwenye benchi, ametapika, kichwa kinamzunguka, ananiuliza kama atakufa. Muuguzi alinituliza: prazikwanteli ikinywewa tumbo tupu huweza kuleta hali hiyo, na kwa kawaida hupita siku hiyo hiyo. Jioni alikuwa anacheza mpira. Mimi ndiye sikupata usingizi. Kazi yangu ni kuandika mambo ya afya, na mwanangu nimempeleka na njaa.

Ijumaa nilimfuata yule bibi kwake. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akaendelea kusuka ukili wake. Akataka kujua mimi ni wa nani, mama yangu katokea wapi, babu yangu alikuwa akivua au akichuma karafuu. Nusu saa ilipita hivyo, na sisemi uongo, nilichoka. Lakini sikuwa na uso wa kumkatiza.

Nilipomweleza yaliyonikuta hakunicheka. Alisema mjukuu anayemlea aliwahi kuanguka njiani akitoka skuli, siku ya dawa, asubuhi ambayo nyumbani hapakuwa na kitu. Mwaka uliofuata alimficha ndani.

"Nilikuja mkutanoni ili safari hii nimwachie anywe," akasema. "Nilitaka mtu aniambie tu, kwanza nimpe nini."

Na mjukuu? Hakunywa. Kwa kuwa hakujibiwa, alimficha tena. Mtoto yule anaendelea kuoga mto ule ule, na ndani ya chumba kile tulikuwepo watu wazima wengi tuliosoma.

"Muhogo wa jana unafaa?" aliniuliza.

"Unafaa, bibi. Uji, wali, chochote, ilimradi awe ameshiba."

Mzazi unayesoma hapa, mstari nilioukosa kwenye habari ile ni huo.

Nilikwenda naye kituo cha afya Jumatatu, mjukuu akiwa amekula. Njiani bibi hakunyamaza. "Mtoto mnampa vidonge, kesho anarudi kuoga. Huo mto mnaupa dawa gani?" Nikamweleza kuwa vidonge huua minyoo iliyomo mwilini lakini havizuii mtu kuambukizwa upya, na kwamba utafiti uliofanywa katika shehia 90 za Unguja na Pemba ulijaribu pia dawa ya kuua konokono, na kwengine elimu na sehemu za kufulia.

"Hapa petu mbona sikuona?"

Nikasema sijui.

"Hapa petu mbona sikuona?" akarudia, kama vile sikusema kitu.

Nikatoa daftari.