Meli ya Kaskazini na Maji Moto ya Kapedo



Ndugu wasomaji, wiki hii twataka kuwasimulia jambo ambalo ndani yake tulikosea, kisha Mola akatuonesha kosa letu mahali tusipopatarajia. Huenda likamfaa mwenye mzazi aliyekwisha kuwa mtu mzima, na pia yule ambaye jamaa zake husubiri neno lake.

Mpwa wetu ni muuguzi Ulaya. Alituletea habari kwamba amedunduliza fedha na ataka kumchukua mamake, ambaye ni dada yetu mkubwa, katika meli zipitazo pwani ya Norwei, kutoka Bergen hadi Kirkenes na kurudi, safari ya siku 12. Meli hizo zilianza kazi mwaka 1893 kwa kubeba barua, shehena na abiria, na njiani hupitia bandari 34, kubwa na ndogo. Pwani hiyo ina hori kama hii yetu ya Tudor, ila zao zimechimbwa na barafu, na kingo zake ni milima iliyosimama wima hadi mawinguni. Dada yetu ni mjane, na hakuwa radhi kwenda mbali hivyo bila ya maharimu. Maharimu aliyekuwapo ni sisi. Basi safari nzima ikawa mikononi mwetu.

Tulijibu kwa haraka ya mtu aliyezoea kuulizwa. Tukasema: fedha hizo nendeni nazo Umra, ya nini kuvuka bahari kwenda kutazama mawe na barafu? Mpwa wetu akajibu, "Sawa, mjomba." Dada hakusema neno.

Nasi tulijua kwamba Hija ya faradhi amekwisha kuitekeleza, na Umra pia. Tulijua vilevile kwamba ana presha ya macho, na kwamba daktari amemwambia nuru iliyokwisha kupotea hairudi. Yote mawili tuliyajua, wala hatukuyaweka pamoja.

Baada ya wiki mbili tukawa Lodwar kwa kazi ya mitihani ya madrasa. Mwenyeji wetu, mfanyabiashara wa huko, alikuwa na safari ya Kapedo kwa njia ya Lokichar na Lokori. Tukafuatana naye ili tuwapelekee misahafu na juzuu watoto wa wenye maduka. Kapedo iko ukingoni, Turkana inapokutana na Baringo, chini ya mlima wa volkano uitwao Silali. Sisi watu wa pwani jina hilo twalijua kwa habari za mifugo iliyoporwa na askari waliouawa kwa kuviziwa mwaka 2014. Tulikwenda na hofu, tukisoma nyiradi njia nzima.

Ambalo hatukuwa tumeambiwa ni yale maji. Katika nchi ile kavu, yenye mawe meusi na miiba, maji ya moto hububujika kutoka ardhini, yakatiririka kama mto, yakaporomoka kwenye jabali huku yakitoa mvuke, kisha yakashika njia ya bonde la Suguta. Tulisimama tukasabihi.

Pale chini, maji yalipokuwa yamepoa kidogo, alikuwa ameketi ajuza wa Kiturkana, miguu yake imo majini. Pembeni yake alikuwa mjukuu wake, msichana wa miaka kama kumi na mbili, naye hakunyamaza. Mwenyeji wetu, ajuaye lugha yao, akatufasiria: bibi haoni ila mwanga tu, na mtoto anamweleza mvuke unaelekea wapi leo, mbuzi wangapi wamevuka, na nani amesimama ng'ambo amevaa kanzu nyeupe. Aliyevaa kanzu nyeupe alikuwa sisi. Ajuza akacheka, akauliza tena juu ya maji. Alipata kuyaona ujanani mwake, kwa hivyo kila aliloambiwa alikuwa na pa kuliweka.

Hapo ndipo alipotujia dada yetu. Mara ngapi tumewasomesha watu aya zinazoamrisha kutembea katika ardhi na kutazama! Tulizisomesha kwa maneno mazuri, kisha mwanamke mwenye muda mchache wa kutazama alipotaka kuzitenda, pamoja na mwanawe, kwa mali ya halali, tukamfungia mlango. Umra ni ibada tukufu, wala hatumtoi mtu katika kuitamani. Lakini kumfurahisha mzazi nako ni katika wema tulioamrishwa, na sisi tulikuwa tumeitumia ibada moja kuizuia nyingine.

Tuliporudi Lodwar tulimpigia simu, tukamtaka radhi. Akasema: "Ndugu yangu, Al-Kaaba nimeiona, na hata nikipofuka sitaisahau. Nilitaka nione kitu na mwanangu, tuwe na la kuzungumza baadaye." Tulishindwa kujibu kwa muda.

Sasa tumo katika kupanga, na tuliyojifunza twayaeleza kwa faida ya wengine. La kwanza lilikuwa swala. Mji wa Tromsø, ambao meli hupitia, jua halizami tangu kama tarehe 20 Mei hadi 22 Julai, na tangu mwisho wa Novemba hadi katikati ya Januari halichomozi. Masahaba walipoambiwa habari za siku ya Dajjal iliyo ndefu kama mwaka, waliuliza juu ya swala, na Mtume, swallallahu alayhi wasallam, akawaelekeza wakadirie. Kwa msingi huo wanazuoni wamewaongoza Waislamu wa nchi hizo. Lakini msafiri wa hiari ana nafasi ya kuchagua. Tumechagua mwisho wa Septemba, wakati usiku na mchana hukaribia kulingana duniani kote: jua huchomoza, huzama, na nyakati zote tano hujulikana.

Safari ni ndefu, basi kupunguza na kukusanya swala kunaruhusiwa kwa masharti yake. Katika madhehebu yetu ya Shafi, aswaliye faradhi melini huelekea kibla, na meli ikigeuka naye hugeuka. Na akiogopa kizunguzungu ataswali ameketi. Kwa ajili ya baridi, msafiri aweza kupangusa juu ya khofu alizozivaa akiwa na udhu, siku tatu na masiku yake. Chakula hakitutishi, kwani bahari ile ina samaki tele, lakini katika meli kama hizo pombe na nguruwe vipo mezani. Mpwa wetu amewaandikia mapema wenye meli.

Katika mali, tumemwomba mpwa wetu aangalie kwanza zaka na madeni yake, na asikope kwa riba hata shilingi moja. Safari ya mapumziko haina dharura ya kuhalalisha haramu. Viza huomba pia bima ya matibabu isiyopungua yuro 30,000, na nauli isiyorudishwa isilipwe kabla viza haijatoka. Hiyo viza twaingoja hadi leo. Ikikataliwa, tumekubaliana kwamba sote watatu tutakwenda Kapedo, amani ikiruhusu, naye dada atayaona maji yale kwa macho aliyobakishiwa.

Tunawausia wenzetu tunaoulizwa: mama akitaka ruhusa, tusimjibu kabla ya kumuuliza kwa nini ataka. Na mwenye mzazi ambaye macho yake yangali yanaona, asingoje meli ya Norwei. Amshike mkono jioni hii wende pwani.

Mola atujaalie wenye kuzitazama ishara zake na kuzishukuru, awape shifaa wagonjwa wetu, na aijaalie amani Kapedo na watu wake. Amin.

Wabillahi tawfiq.